Maneno ya riwaya si maneno ya walii

Sifa zote njema anastahiki Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu yetu wa Pemba, ambaye riziki yake iko Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ametuuliza. Amekuwa akiwatumia wanawe nyumbani, kwa simu, "kanuni arubaini za Shams Tabrizi", nao wamezihifadhi kama maneno ya walii. Je, ni sahihi?

Jawabu: Kanuni hizo zimo katika riwaya ya mwandishi wa Kituruki, Elif Shafak, iliyotoka mwaka 2009 kwa jina la Aşk. Yeye ndiye aliyezitunga, akamsemesha Shams. Shams wa kweli alifika Konya mwaka 1244, akasuhubiana na Maulana Jalaluddin Rumi, na baada ya miaka michache akatoweka. Mazungumzo yake, waliyoyaandika waliomsikiliza, yamo katika kitabu kiitwacho Maqalat. Orodha ya kanuni arubaini haimo.

Kwa Kiarabu nako, Mohammed Hasan Alwan wa Saudi Arabia alipata tuzo ya kimataifa ya riwaya za Kiarabu mwaka 2017 kwa riwaya yake Mawt Saghir. Humo Ibn Arabi, aliyefariki Damascus mwaka 1240, anajisimulia mwenyewe, lakini maneno ni ya Alwan. Vitabu vya Ibn Arabi mwenyewe vipo, na wanavyuoni wamekhitalifiana sana juu yake. Havisomwi bila ya mwalimu.

Kusoma riwaya kwa asili yake si haramu, maadamu haina uchafu na msomaji anajua kuwa ni kisa cha kutungwa. Kosa ni kumnasibishia mtu asilolisema. Aya ya 36 ya Suratul Israa inatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo. Neno likiwa zuri, uzuri wake haulifanyi kuwa la walii.

Tutazame kwetu. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ana wafuasi wa twarika yake ya Qadiriyya hapa visiwani mpaka leo. Mtu akileta wosia kwa jina lake, wazee watamuuliza: umeupokea kwa nani? Shams na Ibn Arabi wanastahiki swali hilohilo.

Basi ndugu yetu awapigie simu wanawe, awaeleze kanuni hizo ni za nani. Lililo jema humo walichukue kwa jina la mtunzi wake.

Wallahu a'lam.