Fangasi Katika Mkojo wa Mgonjwa Mwenye Mpira: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Wagonjwa wanaotumia mpira wa mkojo nyumbani, wakiwemo wazee wanaosubiri upasuaji wa tezi dume, wakati mwingine hupewa majibu ya maabara yanayoonesha kuwa mkojo una fangasi. Baadhi ya familia hushtuka na kudhani ni ugonjwa wa zinaa. Sivyo.

Fangasi hao, ambao kwa kawaida ni wa jamii ya kandida, huishi tumboni, sehemu za siri na kwenye ngozi ya mtu mwenye afya bila kumdhuru. Bakteria wanaoishi pamoja nao huwazuia wasizidi, na mkojo unapotoka kwa nguvu huwasukuma nje wale wanaopanda kuelekea kibofuni. Mpira huondoa kinga hii ya mkojo: njia hubaki wazi usiku na mchana. Fangasi hujishikiza kwenye mpira, wakazaliana na kujijengea utando wa utelezi, mfano wa ule unaoota ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa. Dawa hupenya utando huo kwa shida.

Kinga ya bakteria nayo huondolewa na dawa zinazotumiwa kiholela. Mkojo wa mtu aliyekaa na mpira kwa muda mrefu karibu daima huwa na bakteria, hata kama mwenyewe haumwi. Ndugu wanapouona umechafuka na kununua antibiotiki dukani, bakteria hufa, lakini fangasi hawaguswi. Hubaki na nafasi yote. Wenye kisukari wamo hatarini zaidi.

Kwa hiyo neno "fangasi" kwenye majibu halitoshi peke yake kuanzisha matibabu. Mgonjwa asiye na dalili kwa kawaida hahitaji dawa. Hatua ya kwanza ni mtaalamu kuutoa mpira kama hauhitajiki tena, au kuubadilisha, na mara nyingi hilo hupunguza tatizo au kulimaliza. Anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo ni tofauti: huyo huweza kuandikiwa dawa ya fangasi hata bila dalili, hivyo daktari wake lazima aoneshwe majibu hayo.

Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, mzee kuchanganyikiwa ghafla au mkojo kuacha kutiririka ni jambo jingine kabisa. Maambukizi huenda yamefika kwenye figo au damu, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mfuko uning'inizwe chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, usichomolewe kwenye mpira pasipo sababu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kumwaga mkojo. Tarehe ya kubadilisha mpira ifuatwe kama ilivyopangwa kliniki. Aina hutofautiana: ipo inayokaa wiki chache, na ya silikoni huweza kufika wiki 12, hivyo tarehe ya mgonjwa wa jirani si kipimo.