Vakansi Kubwa: Pa Kukimbia na Pa Kusimama



Karibu tutafunga mwaka. Kila mtu atafunga sanduku lake, wenye points watapita katikati ya barabara, wasio na points watapita nyuma ya manyumba, na kufika jioni shule itabaki na mbuzi tu. Sisi wa darasa la sita tutakuwa tunangojea matokeo ya Ekzeta. Kungojea huko ni ugonjwa mwingine, sitauandika hapa.

Niliombwa nitoe mashauri ya vakansi. Kwanza nilikataa, sababu mashauri hayo tunayajua wote: usilewe kasiksi, usitembee usiku, saidia mama. Mwanafunzi anasoma mstari wa kwanza, kisha anafungia karanga ndani ya karatasi. Halafu nikafikiri juu ya watu ninaowajua mimi mwenyewe, waliopatwa na hatari wakati wa vakansi, na nikaona kitu kimoja. Karibu wote walikimbia mahali walipopaswa kusimama, ao walisimama mahali walipopaswa kukimbia. Ni hilo ninaloandika.

Katika vitabu vya Kifaransa tunasoma juu ya majira ya joto, watu wamelala kando ya bahari na miwani myeusi. Huku kwetu karibu na ikweta majira hayo hayako. Tuko na mwezi wa saba na vumbi lake, halafu mwezi wa nane mvua inarudi kwa nguvu. Na vakansi si kulala: ni shamba, ni kuanika kakao juu ya hema, ni kuchota maji, ni kulea wadogo wakati wazazi wako shambani. Kengele hailii, mwalimu hayuko. Mtoto akipata homa saa nne asubuhi, mukubwa wa nyumba ni wewe mwenye miaka 15.

Ndiyo sababu nitaanza na homa.

Wadogo wetu wa darasa la saba hawakumbuki vizuri vakansi ya 2018. Mimi nilikuwa na miaka 11. Tarehe 1 mwezi wa 8 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko hapa kwetu, katika zone ya afya ya Mabalako, kule Mangina. Lakini kabla ya tangazo watu walikuwa wamekwisha kufa, na majirani walisema ni malaria, wengine sumu, wengine ulozi. Ndugu mkubwa wa papa alishikwa na homa nyuma ya kumzika rafiki yake. Akabaki nyumbani siku tano, anameza vidonge vya malaria na maji ya majani. Hapana kwamba jamaa haikumpenda. Tulikuwa tunaogopa. Watu walisema: "Kule kwenye hema nyeupe mutu anaingia na miguu yake, anatoka ndani ya mfuko." Basi tukangoja. Siku ya sita akafa. Bibi yake, aliyemuosha na kumlisha, homa ilimshika nyuma ya wiki moja na nusu. Yeye hakungoja. Siku ile ile akaomba wamupeleke. Alirudi nyumbani, na mpaka leo anauza makemba sokoni, na anasemaka bei kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa tuelewe sababu yake, maana si bahati tu. Ebola inaanza sawa na malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kulegea. Macho ya mama hayawezi kutofautisha, hata macho ya muganga hayawezi. Ni damu tu inayosema. Virusi vinapita katika majimaji ya mwili, ni kusema damu, matapishi, kuharisha, jasho. Siku za kwanza virusi ni kidogo. Kadiri ugonjwa unavyoendelea vinazidi, na maiti inavyo vingi sana. Kwa hiyo kila siku ya kungoja inaumiza mara mbili: mgonjwa anapunguza nafasi yake ya kupona, na anayemlisha anaongeza nafasi yake ya kuambukizwa.

Hayo yalipimwa hapa hapa kwetu. Tangu mwezi wa 11 wa 2018 waganga walijaribu dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 8 wa 2019 walitangaza kwamba mbili zimeshinda nyingine. Moja ya hizo mbili ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe wetu alikuwa ndani yake. Waliopata dawa hizo wakati virusi vilikuwa bado kidogo katika damu, karibu 9 kwa 10 walipona. Chanjo nayo ilianza Mangina tarehe 8 mwezi wa 8, 2018, wiki moja tu nyuma ya tangazo. Hata hivyo, mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua na zaidi ya 2,200 wamekufa. Dawa ilikuwako. Chanjo ilikuwako. Wengi walikufa katika kungoja, na ndani ya wengi hao kuko wa kwetu.

Homa ya vakansi mara nyingi ni malaria, hapana Ebola. Lakini sheria ni ile ile. Mtoto mdogo mwenye malaria kali anaweza kucheza asubuhi ya leo na kufa kesho. Homa ikimshika, siku hiyo hiyo apelekwe kituo cha afya, wamutoboe kidole, wapime. Usingoje papa arudi kutoka shambani. Akipewa vidonge vya siku tatu, amalize siku tatu, hata kama siku ya pili anacheza mpira. Vile vinavyobaki usivifiche kwa ajili ya mdogo wake. Na chandarua ni ya kulalia ndani. Nimeona chandarua inafunika vifaranga, nimeona nyingine inavua samaki.

Sasa mto. Hapa mambo yanageuka, hapa inafaa kusimama.

Mwezi wa saba wa vakansi iliyopita tulikuwa mtoni, wamama wanafua, vijana wanaoga. Mtoto wa miaka 9 hivi akateleza pale ambapo maji yanachimba ukingo. Kutoka juu mto ule unaonekana mpole, lakini pale chini shimo linapita urefu wa mtu. Vijana wawili wakaruka mara moja. Mimi nilikuwa wa tatu, nimekwisha kuvua viatu, wakati mama mmoja aliponikamata kwa shati. "Simama! Unajua kuogelea, weye?" Sikujua vizuri. Hata wale wawili hawakujua vizuri, na mmoja alikuwa amekwisha kushikwa shingo na mtoto, wote wanazama pamoja. Mama yule akachukua bidoni yake ya njano ya litri 20, akamwaga maji, akafunga kifuniko kwa nguvu, akafunga kamba ya mbuzi kwenye mkono wa bidoni, akatupa. Wa kwanza kuikamata alikuwa mwokozi mwenyewe! Nyuma yake mtoto. Tukawavuta wote.

Sisi tunafikiri mtu anayezama anapiga kelele. Hapana. Kichwa chake kinaanguka nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, mikono inasukuma maji chini kama mtu anayepanda ngazi, na hasemi kitu. Inaweza kwisha kwa dakika moja, hata chini ya moja. Na kila kitu kinachomkaribia anakishika na kukipanda, hata kama ni ndugu yake. Bidoni haina shingo ya kukabwa. Bidoni tupu ya litri 20, iliyofungwa vizuri, inaweza kubeba karibu kilo 20 juu ya maji, na mtu akiwa ndani ya maji mwili wake uko karibu kuelea wenyewe. Kwa hiyo inatosha hata kwa papa mwenye tumbo. Ukikosa bidoni, lala kifudifudi ukingoni na umupelekee mti mrefu ao kitenge. Kuruka ndani kunakuja mwisho, kwa yule tu anayejua kuogelea kweli, tena awe na kitu kinachoelea mkononi.

Ukimtoa na hapumui, usimshike miguu kumning'iniza kichwa chini, unapoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5. Kisha weka mikono katikati ya kifua na ukandamize mara 30, kwa nguvu na haraka, kisha mpulizie mara 2, na tena 30, bila kuacha, mpaka apumue ao mpaka ufike msaada. Akiamka, bado apelekwe kwa muganga, sababu maji yaliyoingia kifuani yanaweza kumsumbua nyuma ya masaa.

Nyoka naye ni wa kusimama. Katika mashamba ya kakao majani makavu ni mengi, na kifutu anapenda kulala humo. Vaa bote, na tumia mti kufunua majani, hapana mkono. Akikuuma usikimbie kurudi kijijini, maana miguu ikikimbia sumu inatembea. Kaa, mguu ufungwe kwenye mti kama uliovunjika, na wengine ndio wakimbie: wakubebe katika kipoyi ao pikipiki mpaka hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Najua manyumba mengi yako na lile jiwe nyeusi. Nimesoma kwamba wenye elimu walilijaribu na hawakuona livute sumu. Wazee watanikasirikia, lakini jiwe linaweza kungoja nyumbani wakati mgonjwa yuko njiani.

Radi ni ya kukimbia. Satelaiti zimehesabu kwamba kule Kabare, Kivu ya Kusini, radi zinapiga kuliko mahali pengine pote katika Afrika, na sisi huku hatuko mbali sana. Ukiona mwanga, hesabu. Sauti inatembea kilometre moja kwa sekunde 3 hivi. Kama ngurumo inafika kabla ya 30, mpira uishe, hata kama muko mumeshindwa 2-0, ingieni nyumbani. Chini ya mti hapana. Na mungoje dakika 30 nyuma ya ngurumo ya mwisho.

Maji ya kunywa: yachemke kabisa, dakika moja nzima. Kuni zikikosekana, maji yasiyo na matope yajaze chupa ya plastiki inayoangaza, iwekwe juu ya mabati kwenye jua kali masaa 6. Kama mawingu ni mengi, siku mbili. Jua linaua vijidudu, na ni bure. Mtoto akiharisha: litri moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bila mlima juu yake. Anywe kidogo kidogo, tena na tena, wakati munajitayarisha kumpeleka.

Juu ya usalama sitasema mengi, kila mtu anajua. Tangu mwezi wa 10 wa 2014 territoire yetu ya Beni imezika watu wengi sana, na wengi waliuawa shambani ao njiani kwenda shambani. Kabla ya kwenda shamba la mbali uliza wale waliolala kule. Wakisema leo hapana, kakao ioze.

Pikipiki: wawili tu, na msiruke juu ya ile iliyojaa magunia. Toka Mangina mpaka Beni ni kilometre 30 hivi. Kungoja nyingine si aibu.

Nimeandika hatari nyingi mpaka mtu atafikiri vakansi ni kukaa ndani. Hapana kabisa! Mpira wa majani ya ndizi uko palepale, korali zitaimba, dami itachezwa chini ya embe mpaka watu wagombane. Wenye kupenda kusoma waandikishe vitabu vyao kwa mwalimu wa maktaba kabla ya siku ya kufunga, kila mtu viwili, na visirudi na mafuta ya ngazi. Tena niko na ombi kwa wale wanaojua kuogelea kweli: mufundishe wadogo, mahali ambapo maji yanafika kiunoni, mukubwa mmoja akae nje anahesabu vichwa.

Nyuma ya ile siku ya mto, sisi vijana tulinunua bidoni moja na metre 15 za kamba. Imefungwa kwenye mti, pale wamama wanapofulia, na kifuniko chake kimekazwa. Aliyeichukua wiki iliyopita kuchotea maji ya kuoshea pikipiki, tunamjua, ni wa darasa la tano. Airudishe kabla ya siku ya kufunga, na kamba yake.

Doyeni wa wanafunzi, darasa la 6