Luku ya Moonlight, Jua la Saa Saba

Kanairo siku hizi kila msee ako na picha moja ameseivu kwa simu, anasema, "Nataka hii luku." Sana sana ni ile bluu ya Moonlight, filamu ya Barry Jenkins ya 2016. Fiti, macho unayo. Lakini picha yako uliipiga Uhuru Park saa saba, jua wima, macho ya dem yamekuwa mashimo. Hapo hata ununue priseti ya thao, utachoma tu.

Halafu buda, Moonlight gani? Ile kitu ilishutiwa na kamera ya dijitali, kisha Alex Bickel, msee wa rangi, akapea kila moja ya zile sehemu tatu luku yake: ya kwanza inakaa mkanda wa Fuji, ya pili Agfa, ya tatu Kodak. Chagua moja.

Anza na mwanga. Kwa hiyo referensi, kivuli kinalala upande gani? Kina makali ama kimelegea? Hiyo, slaida ya app ya kuedit haikupei. Ngoja jua lishuke, ama mpige chini ya taa za nganya.

Ukirudi keja, weka picha mbili bega kwa bega, utoe rangi zote. Sasa ndio unaona: pengine nyeusi ya referensi si makaa, imepandishwa ikakaribia kijivu. Linganisha hiyo kwanza. Ndio urudishe rangi, utafute kitu chenye kilifaa kuwa cheupe, shati ama ukuta, ucheki kimeegemea bluu ama njano. Jua la mchana ni kama kelvini 5,500, balbu ya njano ni kama 2,700, so usishtuke ukivuta slaida mbali.

Ngori ni ngozi. Ukimwaga bluu kwa picha yote, ngozi nyeusi inapauka kama jivu, dem anakaa ametoka wodi. Weka bluu kwa vivuli, uso uuguze pole pole kwa chungwa na nyekundu peke yake. Na hii story si ya jana: kitambo Kodak ilikuwa inapea maabara kadi za manzi mzungu, zikiitwa Shirley, ndio wapimie rangi. Watu weusi wakajipanga.

Kabla upost, zima ile mwanga ya njano ya usiku kwa simu yako. Imewapotezea wasee bluu mob sana.