Fulana Iokoayo kwa Ada ya Mwezi

Mtu asimamaye asubuhi katika kituo cha pikipiki mjini Tukuyu, mvua ya Rungwe ingali yanyesha na ukungu haujapanda mlimani, ataona jinsi kazi ile isivyo nyepesi. Vijana wapakia mikungu ya ndizi nyuma ya kiti, wengine wachukua akina mama wenye watoto mgongoni, nao washika barabara ile ya lami itokayo Uyole, ipitayo Isongole na Kiwira hata Tukuyu, kisha iteremkayo kwenda Kyela na mpaka wa Malawi huko Kasumulu. Ni njia ya makona na malori mazito, na lami iliyolowa haijui huyu ni mtoto wa nani.

Wengi wa vijana hao hawana pikipiki zao wenyewe. Huendesha kwa mkataba: kila siku au kila juma hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na muda waliopatana ukitimia, chombo huwa chao. Siku hizi pikipiki nyingi za mkopo katika Afrika ya Mashariki hufungwa kifaa cha kuonyesha zilipo, na baadhi yake huweza kuzimwa kutoka mbali deni lisipolipwa. Nyumba nyingi zaijua hali hiyo kwa taa za jua zinazolipiwa kidogo kidogo: fedha isipotumwa, taa haiwaki. Hatuoni ubaya mkubwa hapo. Mwenye mali ana haki ya kudai, na pikipiki iliyozimwa kituoni humkosesha kijana riziki ya siku, lakini haimvunji shingo.

Je, desturi hiyo ikiingia katika kile kimkingacho mtu na mauti? Jambo hili limekwisha tokea ng'ambo. Mwaka 2021 kampuni ya Klim ya Marekani ilileta sokoni fulana ya wapanda pikipiki yenye mfuko wa hewa ndani yake, pamoja na kisanduku kilichotengenezwa na kampuni ya In&motion ya Ufaransa. Kisanduku hicho hupima mwendo wa mpandaji mara 1,000 kwa kila sekunde, na kikitambua kwamba anaanguka, huijaza fulana hewa kabla mwenyewe hajafika chini, ikamkinga shingo, mgongo na kifua. Hapana shaka ni ufundi wa kustaajabisha. Fulana iliuzwa kwa dola 400. Kisanduku, ambacho bila yake fulana ni nguo tu, mnunuzi aliweza kukilipia dola 400 nyingine mara moja, au kukikodi kwa dola 12 kila mwezi. Aliyekodi kisha akakosa kulipa alipewa muhula. Ukipita, kisanduku hakifanyi kazi, na akianguka fulana haifuri.

Wenye fulana hawakukosa hoja. Walisema kwamba taa ya kisanduku humjulisha mpandaji kabla hajaondoka, na kwamba ada hugharimia kuiboresha programu yake. Tena asiye na dola 800 kwa mara moja apata kinga mapema. Hoja hizi zina uzito. Lakini na tufikiri ni nani akosaye kulipa. Dola 12 kwa wakati ule zilizidi shilingi 27,000. Kijana wa Tukuyu angezikosa juma ambalo mvua imewazuia abiria, au mtoto wake ameshikwa na homa. Na ndilo juma lile lile ambalo angeendesha hata usiku, amechoka, apate kuziba pengo. Kinga ingezimwa wakati hatari imezidi.

Wanazuoni wa sheria walikwisha jadili zamani khabari ya mwenye maji na mwenye kiu. Maji ya mtu ni mali yake, naye aweza kuyauza. Lakini akija mtu akaribiaye kufa kwa kiu, hanyimwi kwa sababu hana bei mkononi. Hunyweshwa kwanza, na thamani hudaiwa baadaye. Twaona kisanduku kile chafaa kupimwa kwa kipimo hicho. Deni halifutiki, lidaiwe kwa njia nyingine.

Isitoshe, ziko fulana za namna nyingine, zenye kamba ifungwayo katika pikipiki: mpandaji akirushwa, kamba huvuta na mtungi mdogo wa gesi huijaza fulana. Hizo hazidai ada; baada ya ajali hubadilishwa mtungi tu.

Kwa watu wetu, hata hivyo, kinga iliyo karibu ni kofia ngumu, ambayo sheria ya usalama barabarani ya 1973 yamtaka mpandaji aivae. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulikadiria kwamba kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mikataba mingi ya mdomo haiitaji kabisa. Basi mzazi amdhaminiye kijana wake na aulize kabla hawajapeana mikono: kofia mbili, ya dereva na ya abiria, zimo katika bei? Je, ni zake tangu siku ya kwanza, hata chombo kikirudishwa? Na dada zetu wasiseme mtandio wawazuia; uvaliwe mwepesi, bila pini wala fundo kisogoni, kofia ikae juu yake, na ukanda ufungwe chini ya kidevu.