Je, Wajua? Nyota Anapopigwa Bei Katikati ya Msimu

Je, wajua kwamba nyota wa besiboli Marekani anaweza kuamka akiwa mchezaji wa New York na kulala akiwa wa Cincinnati, bila mtu kumuuliza anaonaje? Kwenye soka, klabu mbili zikishaelewana bei bado zinamsubiri mchezaji akubali mshahara na kutia saini. Kwenye Ligi Kuu ya Besiboli, MLB, kinachohama ni mkataba, na mwenye mkataba anaufuata ulikokwenda. Mara nyingi hata fedha hazitajwi. Mtu anabadilishwa kwa mtu, au kwa vijana watatu wanne wa ligi za chini ambao shabiki wa kawaida hajapata kuwasikia. Kelele huanzia hapo.

Je, wajua ni nani anayeweza kugoma? Ni aliyecheza MLB miaka 10, mitano ya mwisho akiwa na klabu ileile, au aliyewekewa kipengele hicho kwenye mkataba wake. Kanuni hiyo ya 10 na 5 hutajwa sambamba na jina la Curt Flood. Mwaka 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Philadelphia. Akakataa kwenda, akaifikisha kesi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 kwa 3. Mwaka uliofuata, Ron Santo wa Chicago Cubs akawa wa kwanza kuitumia kanuni mpya kukataa kuhamishwa. Flood alilima, wenzake wakavuna.

Je, wajua kwamba tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ililetwa na hasira za mashabiki? Mwaka 1922 St. Louis Browns walikuwa wakikabana koo na New York Yankees kileleni. Julai 23, Yankees wakamchukua Joe Dugan kutoka Boston, na msimu ukaisha wao wakiwa mbele kwa mechi moja tu. Watu wa St. Louis walichachamaa, wakapeleka malalamiko kwa kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, wakisema matajiri wananunua ubingwa dakika za lala salama. Kuanzia 1923 mwisho ukawa Juni 15. Ulikaa hapo hadi 1986, ulipohamishiwa Julai 31. Siku hizi huangukia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti.

Je, wajua kwamba Juni 15 ya mwaka 1964 mashabiki wa Chicago Cubs walifurahi? Klabu yao ilikuwa imempata Ernie Broglio, mrushaji aliyeshinda mechi 18 msimu uliotangulia, na kumtoa kijana mmoja mwenye mbio aitwaye Lou Brock. Magazeti ya Chicago yaliona Cardinals wamepigwa. Broglio, mkono ukiwa tayari unamsumbua, aliishindia Cubs mechi 7 tu hadi alipoondoka. Brock alitwaa ubingwa na Cardinals mwaka huohuo, na alipostaafu alikuwa ameiba besi (yaani kukimbilia besi ya mbele kabla mpira haujapigwa) mara 938, rekodi ya wakati huo. Kwa hiyo anayedhani shabiki hukosea kwa kununa tu, akumbuke kwamba hukosea pia kwa kushangilia.

Je, wajua kisa kinachoitwa Mauaji ya Usiku wa Manane? Hiki tukae nacho kidogo. Ni Juni 15 tena, mwaka 1977, na mhusika ni Tom Seaver, mrushaji wa New York Mets. Huyu hakuwa nyota wa kupita. Alikuja klabuni 1967, Mets ikiwa kichekesho cha ligi. Miaka miwili baadaye ikawa bingwa, na yeye akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora mara tatu. Ugomvi ulikuwa wa mshahara. Wachezaji walikuwa ndio kwanza wamepata haki ya kwenda sokoni mkataba ukiisha, malipo yakaanza kupaa, na mwenyekiti wa Mets, M. Donald Grant, hakutaka kusikia habari hiyo.

Mazungumzo yalikuwa yamekaribia kuzaa matunda. Kisha mwandishi Dick Young wa gazeti la Daily News akaandika kwamba mke wa Seaver anamwonea kijicho mke wa Nolan Ryan, mrushaji mwenzake wa zamani pale Mets, kwa kuwa Ryan analipwa zaidi. Seaver alipopata habari kwamba familia imeingizwa, akaikatia klabu mazungumzo: nitoeni hapa. Usiku huohuo akawa wa Cincinnati Reds, kwa kubadilishana na wachezaji wanne: Pat Zachry, Doug Flynn, Steve Henderson na Dan Norman. Mpigaji mwenye nguvu wa Mets, Dave Kingman, naye akasukumwa San Diego usiku uleule.

Kesho yake Seaver alikuja Shea Stadium kukusanya vitu vyake. Waandishi wakamzunguka. Alijibu maswali vizuri mpaka alipofika kwenye mashabiki; sauti ikamkwama. Akajaribu tena, ikagoma. Mwishowe akachukua daftari la mwandishi mmoja na kuandika alichotaka kusema kuhusu makofi waliyompigia, maana mdomoni hakikutoka.

Na mashabiki? Walipiga kura kwa miguu. New York kuna kaburi maarufu la Rais Ulysses Grant, basi watu wakaubatiza uwanja wa Mets jina hilohilo, Kaburi la Grant, wakimlenga mwenyekiti. Mwaka 1976 walikuwa wameingia uwanjani karibu watu milioni 1.5, mwaka 1979 hawakufika 800,000. Timu ilishika mkia misimu mitatu mfululizo. Agosti 21, 1977, Seaver aliporudi na jezi ya Reds, uwanja ulijaa watu zaidi ya 46,000, wakamshangilia mgeni, naye akawafunga wenyeji 5-1. Juni 1978, akiwa na Reds, alirusha mechi nzima bila mpinzani kupata hata pigo moja safi, jambo ambalo hakuwahi kulikamilisha akiwa Mets. Mets wenyewe walilisubiri hadi 2012. Kwa maoni yangu, hapa mashabiki walikuwa sahihi tangu dakika ya kwanza, na mabosi ndio waliohitaji miaka kuelewa.

Je, wajua kwamba mashabiki wamewahi kuishtaki klabu kwa kuuza nyota? Mwaka 1993 San Diego Padres walianza kupunguza gharama kwa kasi. Juni 24 walimtoa Gary Sheffield, aliyekuwa ameongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa upigaji msimu uliotangulia, kwenda Florida. Julai akafuata Fred McGriff, kwenda Atlanta. Tatizo ni kwamba klabu ilikuwa imewaandikia barua wenye tiketi za msimu kuwahakikishia kwamba nyota hawaguswi. Watu wakachukua barua zao wakaenda nazo mahakamani.

Sasa angalia upande wa pili. Miongoni mwa waliokuja badala ya Sheffield alikuwepo mrushaji kijana, Trevor Hoffman. Walimzomea. Kosa lake? Hakuwa Sheffield. Huyohuyo Hoffman alikuja kuwa mrushaji wa kwanza katika historia kulinda ushindi wa timu yake mara 600, akaingia Jumba la Heshima la Cooperstown mwaka 2018, na San Diego wakastaafisha jezi yake namba 51. Nani alijua? Si waliozomea, na sidhani kama hata waliomchukua walijua kiasi hicho.

Je, wajua mmiliki mkuu wa Padres wakati huo alikuwa nani? Tom Werner, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni. Mashabiki wa Liverpool wa Mombasa na Dar es Salaam wanamfahamu vizuri: ndiye mwenyekiti wa klabu yao, kupitia kampuni ya Fenway Sports Group, ambayo pia inamiliki Boston Red Sox.

Na Boston kuna habari mbichi. Juni 15, 2025 (tarehe ileile, ingawa safari hii hakuna kanuni iliyoilazimisha) Red Sox walikamilisha kuwafunga mahasimu wao Yankees mechi tatu kati ya tatu. Nyota wa Red Sox, Rafael Devers, alipiga mpira ukavuka uzio siku hiyo. Jua halijatua vizuri, ikatangazwa kwamba amepelekwa San Francisco Giants. Klabu ilikuwa imemtaka aache kulinda besi ya tatu, akanuna lakini akahama. Ikamtaka tena akalinde ya kwanza, akakataa. Mkataba wake wa miaka 10 ulikuwa wa dola milioni 313.5. Shabiki aliyekuwa akisherehekea kuwapiga Yankees alijikuta, kabla ya chakula cha usiku, hajui acheke au alie. Ratiba nayo haikuwa na huruma: siku 5 baadaye Red Sox walikuwa San Francisco, na katika mechi ya pili Devers akawapiga wenzake wa zamani mpira uliotoka nje. Mwisho wa msimu, hata hivyo, Boston waliingia hatua ya mtoano. Giants walishinda mechi 81, wakapoteza 81, wakabaki nyumbani.

Boston walishazoea hayo. Julai 31, 2004 walimtoa Nomar Garciaparra, kipenzi cha mji, bingwa wa wastani wa upigaji wa 1999 na 2000. Mji ukatikisika. Siku hiyohiyo, karibu kimyakimya, walimpata mkimbiaji wa akiba aitwaye Dave Roberts. Oktoba, Yankees wakiwa wamebakiza dakika chache kuwatupa nje, Roberts aliiba besi ya pili, mechi ikageuka, na Red Sox wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1918. Waliomlilia Nomar Julai walikuwa barabarani Oktoba wakipeperusha bendera.

Je, wajua kwamba mashabiki wamewahi kumuaga mchezaji ambaye hakuondoka? Julai 29, 2015, Citi Field, New York. Wilmer Flores wa Mets, Mvenezuela aliyesajiliwa akiwa na miaka 16, yuko uwanjani anacheza na Padres. Majukwaani simu zinaanza kuwaka: Flores na Zack Wheeler wamebadilishwa kwa Carlos Gómez wa Milwaukee. Watu wanasimama na kumpigia makofi kila akionekana. Yeye anashangaa, mpaka anapoambiwa sababu. Kocha hajaambiwa lolote, hivyo hawezi kumtoa. Flores anarudi kwenye nafasi yake, kati ya besi ya pili na ya tatu, anainamisha kichwa, anafuta macho kwa mkono wa jezi, kisha anainuka kusubiri mpira. Kamera zote ziko usoni pake.

Biashara ikavunjika usiku uleule kwa wasiwasi wa afya ya Gómez. Siku mbili baadaye, Mets wakicheza na Washington Nationals waliokuwa wanaongoza kundi lao, mechi ikafika zamu ya 12 badala ya 9 za kawaida. Flores akaupiga mpira ukatua majukwaani, mechi imekwisha, 2-1. Akizunguka kurudi besi ya nyumbani, alilishika jina la Mets kifuani na kulivuta mbele. Mwaka huo Mets walifika World Series, fainali ya ubingwa wa MLB. Sijui mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kupanga hivyo. Mhariri wake angemwambia apunguze chumvi.

Je, wajua Juan Soto alikataa dola milioni 440 za Washington? Nationals wakaona bora wampeleke San Diego, Agosti 2, 2022, akiwa na miaka 23. Siku 10 baadaye alirudi Washington kama mgeni, akapokewa kwa makofi ya kusimama. Watatu kati ya vijana waliokuja badala yake, CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, wameshachaguliwa timu ya nyota wote. Washington wenyewe bado hawajarudi kwenye mtoano. Waulize mashabiki wao leo, watakutajia majina matatu na kuguna.

Za haraka haraka sasa.

Mei 30, 1922, Cubs na Cardinals walicheza mechi mbili siku moja. Katikati ya mechi hizo walibadilishana Max Flack na Cliff Heathcote. Kila mmoja alivaa jezi zote mbili siku hiyo.

Agosti 4, 1982, Joel Youngblood alipata pigo safi mchana akiwa Mets mjini Chicago, akaambiwa amehamia Montreal, akapanda ndege hadi Philadelphia na kupata jingine usiku. Warushaji wote wawili aliowapiga, Ferguson Jenkins na Steve Carlton, wako Cooperstown.

Danny Jansen yeye alichezea timu zote mbili katika mechi moja. Juni 26, 2024, mvua ilisimamisha mechi ya Toronto na Boston yeye akiwa zamu ya kupiga kwa upande wa Toronto. Mwezi mmoja baadaye akahamishiwa Boston. Mechi ilipoendelea Agosti 26, alikuwa amechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani kama mdakaji wa Boston, mtu mwingine akimalizia zamu aliyoianza yeye.

Mwaka 1960 Cleveland na Detroit walibadilishana makocha katikati ya msimu, Joe Gordon kwa Jimmy Dykes. Aliyeufanya mpango huo upande wa Cleveland, Frank Lane, ndiye aliyekuwa amemtoa kipenzi chao Rocky Colavito siku mbili kabla ya msimu kuanza, na hadi leo wazee wa Cleveland hawajamsamehe.

Na mwaka 1962 Cleveland walimpa Mets mdakaji Harry Chiti, kwa makubaliano kwamba watalipwa mchezaji atakayetajwa baadaye. Wiki chache zikapita, Mets wakamtaja: Harry Chiti. Hakuna shabiki wa upande wowote aliyewasilisha malalamiko.