Vipele vya nepi: anza na kukausha ngozi kabla hujanunua dawa

Unafungua nepi asubuhi, unakuta makalio ya mtoto yamechubuka na ngozi inang'aa. Ukimgusa na maji, analia. Jana hakuwa hivyo. Wazazi wengi katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda, iwe Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja, hukimbilia sokoni kutafuta dawa ya kupaka. Subiri kwanza. Vipele vingi vya nepi hupona ndani ya siku mbili au tatu bila dawa yoyote, mradi ngozi ipate nafasi ya kukauka.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Ikikaa muda mrefu kwenye unyevu inalainika, kama vidole vyako vinavyolainika ukifua nguo siku nzima. Nepi inapoisugua ngozi hiyo laini, inachubuka. Mkojo na kinyesi vikichanganyika vinazidi kuiunguza, na ndiyo maana mtoto anayeharisha hupata vipele haraka kuliko wengine. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu peke yake: mara nyingi utaona sehemu iliyoiva kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, na ukiigusa ina joto.

Majirani wengine watasema mama huyu ni mchafu. Si kweli. Mama anayefua kila siku naye hupatwa, hasa msimu wa mvua nepi zinapokataa kukauka.

Maji kidogo yanatosha

Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na kila anayepanga foleni bombani anajua kuna siku hayafiki. Lakini kumsafisha mtoto hakuhitaji beseni. Kikombe kimoja cha maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Akiwa amekojoa tu, mmwagie maji bila sabuni. Akiwa amejisaidia haja kubwa, tumia sabuni kidogo ya kuogea, si sabuni ya kufulia, kisha suuza. Mtoto wa kike msafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Usisugue, bonyeza polepole kwa kitambaa kikavu mpaka mikunjo ya mapaja iwe mikavu kabisa.

Maji yakiwa machache, safisha mtoto kwanza, halafu maji hayo yatumie kulowekea nepi chafu baada ya kumwaga kinyesi chooni. Yale masafi yabakize kwa kusuuza mwisho. Hapo ndipo wengi tunabana maji pasipostahili: nepi iliyobaki na povu ikilowa tena kwa mkojo, ile sabuni inarudi kwenye ngozi ya mtoto. Ni afadhali kutumia sabuni kidogo na kusuuza mara mbili.

Muda wa kukaa bila nepi

Hii ndiyo dawa yenyewe, na ni bure. Mara tatu au nne kwa siku, mlaze mtoto bila nepi kwa dakika 15 au zaidi, juu ya kitenge kilichokunjwa na kuwekwa kwenye mkeka. Wakati mzuri ni akiwa amelala mchana ndani ya chandarua. Usimlaze moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo, kwa sababu ya funza. Atakojoa, ndiyo. Utafua kitenge kimoja badala ya nepi moja, hujapoteza kitu.

Muda mwingine badilisha nepi kila inapolowa, au angalau kila baada ya saa mbili hadi tatu mchana. Akijisaidia haja kubwa, usingoje hata dakika.

Tuseme ukweli kuhusu pampasi. Zinauzwa moja moja sokoni, na mwenye hela ya moja ataivalisha asubuhi mpaka jioni. Pampasi iliyojaa inaumiza kuliko kitambaa cha kitenge cha zamani kinachobadilishwa mara sita. Ukiwa na moja tu, iweke ya usiku au ya safari ya kwenda kliniki. Ikishalowa usiianike juani uivalishe tena. Uchafu umebaki ndani. Na kavera inayofungwa juu ya nepi ili nguo zisilowe inafungia joto na mkojo pale pale. Mtoto mwenye vipele asifungwe kavera hata kidogo.

Kabla ya kumvalisha nepi, paka mafuta ya mgando kwenye ngozi iliyokauka, tabaka linaloonekana kwa macho. Kazi yake ni kuzuia mkojo usiiguse ngozi. Yale yasiyo na manukato ni bora. Krimu yenye zinki nayo ni nzuri ukiipata. Lakini poda, unga wa muhogo na unga wa mahindi viache: vinagandamana kwenye mikunjo, na vumbi la poda likiingia kwenye mapafu ya mtoto linaweza kumdhuru.

Ikipita siku tatu

Angalia tena kwa makini. Vipele vya kawaida hukaa pale nepi inapogusa, na mikunjo ya mapaja mara nyingi huwa salama. Ukiona mikunjo ndiyo imeiva zaidi, na pembeni kuna vidoa vidogo vilivyotawanyika, huenda ni fangasi. Hutokea sana baada ya mtoto kumeza antibiotiki. Mwangalie mdomoni: utando mweupe usiotoka ukiufuta ni dalili nyingine ya fangasi huyo huyo. Hapo mafuta ya mgando hayatatosha. Kituo cha afya kitakupa krimu kama klotrimazoli au nistatini. Tumia kwa siku zote ulizoambiwa, hata kama ngozi imeonekana kupona mapema. Kama chuchu zako zinawasha au zinauma, sema hapo hapo, ili mtibiwe wote wawili.

Kuna krimu ndogo ndogo za bei rahisi ambazo wengine huzitumia kung'arisha uso. Nyingi zina steroidi kali. Ukimpaka mtoto, siku ya kwanza utafurahi kwa sababu wekundu unapungua. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba zaidi, fangasi anaenea, na chini ya nepi dawa hiyo inaingia mwilini kwa wingi. Usiitumie, hata kama muuzaji anaapa.

Si kila kinachoota makalioni ni vipele vya nepi. Uvimbe kama jipu wenye tundu dogo katikati, na mtoto anahisi kitu kinatembea ndani, unaweza kuwa na buu la inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Hupenda nguo zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini kwenye majani. Anika nepi kwenye kamba, juani, na ukiwa na pasi ya mkaa zipige pasi pande zote mbili, pamoja na mishono. Na ikiwa mtoto anajikuna viganjani, nyayoni na kwapani, na nyumba nzima mnajikuna usiku, huo ni upele wa kuambukizana. Lazima mtibiwe wote siku moja.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo mtoto akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akikataa kunyonya, akilegea, au ngozi ikitoa usaha, damu au malengelenge. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye vijipu vya usaha asikae nyumbani hata usiku mmoja. Akiharisha, omba maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na uendelee kumnyonyesha. Kama kituo kiko mbali, anza kwa mhudumu wa VHT wa kijiji chako. Atakuambia kama safari inaweza kungoja kesho.

Beba kila ulichompaka, hata tyubu iliyokwisha au jani la mti lililobaki, umwonyeshe mganga. Hakuna haja ya kuficha.