Usichague Fildi kwa Ukubwa wa Jengo

Likizo ndefu ikikaribia, wanafunzi wa vyuo hukimbizana na barua za utambulisho wakitafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Wengi huanzia benki, mamlaka za serikali na kampuni za simu, tena za Dar es Salaam. Wakipokelewa huko, aghalabu huishia kupanga mafaili na kutoa fotokopi. Mifumo ya taasisi kubwa haifunguliwi mgeni wa wiki nane, na ni sawa isifunguliwe.

Mwanafunzi wa uhasibu ningemwelekeza kwenye SACCOS, halmashauri ya wilaya au chama cha msingi cha ushirika, ambako mara nyingi kazi ni nyingi kuliko watu. Hujakaa sana utajikuta unaandaa hati za malipo au unakagua marejesho ya masurufu. Ndugu watauliza kwa nini umekwenda kujificha Newala, waache waulize. Bodi ya Mikopo ina fungu la fildi kwa wanufaika wake, lakini si kila mwanafunzi hulipata. Asiye nalo atafute ofisi ya karibu na nyumbani, bila haya.

Kazi ukishaipata, iandike. "Nilisaidia idara ya uhasibu": sentensi hii imejaa kwenye madaftari ya fildi, na haimwambii mwajiri chochote. Linganisha na hii: "Nililinganisha taarifa ya benki ya Julai na daftari la fedha, nikakuta hundi mbili zilizotolewa lakini hazijawasilishwa benki." Aliyeandika hivi ameshika usuluhishi wa benki kwa mikono yake, na kwenye usaili ataulizwa maswali anayoweza kuyajibu. Daftari lijazwe siku ileile. La usiku wa kuamkia muhuri hujulikana kwa wino mmoja na sentensi pacha.

Majina ya wateja na namba za akaunti yasiingie humo, wala usipige picha nyaraka za ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimsamehe mtu kwa kuwa ni mwanafunzi.

Kabla ya kuaga, omba barua inayotaja kazi ulizofanya, si tarehe tu. Mwombe pia msimamizi wako ridhaa ya kumweka kama mdhamini, na uchukue namba ya simu anayoipokea kweli, maana mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira utakudai wadhamini.